Hatua nne juu ya mwani

Leo kiota namba 3 sikukisogelea kabisa. Nilikaa chini ya mvinje na darubini, hatua mia moja na kitu kutoka pale, nikasubiri mzazi mmojawapo arudi. Alirudi baada ya dakika kumi na moja. Akakimbia, akasimama, akapita pembeni kama ana safari yake nyingine, mwisho akajikunja juu ya mayai. Ndipo nikashusha pumzi.

Hawa si ndege wakubwa wa bahari kuu. Ni vitwitwi, wale wadogo wa rangi ya mchanga wenye paji jeupe, wanaokimbizana na wimbi hapa Msimbati kila siku mpaka macho yetu yamewazoea. Tumo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Mgeni akifika ataulizia kasa na matumbawe. Kitwitwi hakuna anayemuulizia, naye anazaa pale pale tunapokanyaga.

Kiota chenyewe ni kishimo tu kwenye mchanga mkavu. Mayai ni mawili, pengine matatu, yana madoa kama vipande vya makombe. Ndege akishtuka huyafukia kwa mchanga kabla ya kuondoka. Siku ya kwanza nilipita kando ya kiota mara mbili huku nakitafuta.

Tunaojitolea tuko wanne. Kila mmoja ana kipande chake cha ufukwe, anakitembea maji yakipwa na kuandika alichokiona. Hatuchomeki kijiti wala kuweka jiwe la alama, maana kijiti humwita mtoto, na kunguru pia. Tunahesabu hatua kutoka kwenye mti.

Kiota namba 1 bado kinaniuma. Wiki ya pili nilisimama juu yake nipige picha. Ilikuwa saa tano, mchanga umeshaanza kuunguza nyayo, wazazi wote wawili wanalia kwa mbali, na mimi natafuta mwanga mzuri. Juu ya mnazi walikuwepo kunguru wawili, wa ile jamii iliyoletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 na sasa imejaa pwani nzima. Kesho yake nilikuta maganda. Siwezi kuthibitisha kwamba mimi ndiye niliyewaonyesha. Ila nyayo za mtu zilizokwenda moja kwa moja mpaka pale zilikuwa zangu peke yake. Kwenye daftari mkono ulitaka kuandika "sababu haijulikani". Nikaandika: mayai 0, maganda, nilikaa karibu dakika 15. Daftari likificha aibu yangu, anayekuja baada yangu atasimama pale pale niliposimama.

Asubuhi hii nilikutana na bibi mmoja akitoka mwambani na mchokoo wake, pweza watatu begani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Bado unawatafuta wale?"

Nikamwambia nasaka makinda ya kiota namba 2, yaliyoanguliwa juzi. Yakishakauka tu manyoya huondoka kiotani na kujitafutia wadudu yenyewe, na yakiona hatari hulala kifudifudi, hayatikisiki.

"Tazama mama yao anakokokotea bawa kama limevunjika," akasema, "halafu wewe geukia upande mwingine. Utotoni tulimfuata sana yule wa bawa. Hatukupata kitu."

Nikageuka. Lilikuwepo moja, nyuma ya gogo la mkoko lililotupwa na bahari, dogo kuliko kidole gumba changu. Nikarudi kinyumenyume kwa njia niliyojia.

Kabla hatujaagana alinionyesha mstari wa mwani. Maji ya bamvua lililopita, yale yanayojaa kuliko siku nyingine, yaliishia pale, akasema, lakini haya ya sasa yatapita. Nadhani yuko sahihi. Mayai huatamiwa karibu wiki nne, na bamvua huja kila baada ya wiki mbili, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwa hiyo hakuna kiota kinachoweza kulikwepa. Na sasa ni mwishoni mwa Septemba, usiku na mchana vinalingana, bamvua za majira haya huwa kubwa kuliko nyingine. Namba 3 kiko hatua nne tu juu ya mwani.

Jioni yote nimewaza kuyasogeza mayai juu kidogo, hata hatua tano. Mikono inawasha. Lakini mzazi akirudi na kukuta mchanga mtupu, nitakuwa nimemwokoa na nini?

Mwezi umechomoza juu ya bahari sasa hivi, mzima, mwekundu. Maji yatajaa mnamo saa kumi alfajiri, na kilele chenyewe ni kesho kutwa. Nimeandika: namba 3, mayai 2, anaatamia, hatua 4. Mstari unaofuata nimeuacha wazi. Tochi nimeichaji, ingawa najua sitaiwasha karibu na pale.