Jinsi nilivyotatua joto la transista kwenye kidhibiti cha taa za tangi la samaki

Kidhibiti nilichokiunda kwa Arduino Uno, bodi ndogo ya kielektroniki inayoandikiwa programu, kilikusudiwa kuwasha taa za LED za tangi la samaki polepole asubuhi na kuzififisha jioni, kwa sababu samaki hushtuka na kujigonga kwenye vioo taa zinapowaka ghafla gizani. Programu ilifanya kazi vizuri, lakini taa hazikufikia mwanga wake kamili, na transista ya IRF540N, swichi ya kielektroniki iliyoziendesha, ilipata joto hata isigusike kwa kidole.

Kwanza niliishuku pawasaplai, nikaibadilisha bila mafanikio. Nilipopima kwa multimita, taa zikiwa zimewashwa kikamilifu, niliona kwamba karibu volti 2 kati ya 12 zilikuwa zikipotelea ndani ya transista yenyewe. Transista ya aina hiyo huhitaji takribani volti 10 kwenye lango lake, yaani mguu unaoidhibiti, ili ifunguke na kupitisha umeme kabisa, ilhali pini ya Arduino Uno hutoa volti 5 tu. Kwa hiyo ilibaki imefunguka nusu, na kwa mkondo wa ampea 4 ilikuwa ikigeuza wati 8 kuwa joto.

Niliweka transista nyingine, IRLZ44N, iliyoundwa kufunguka vizuri kwa volti 5, pamoja na rezista ya ohmu 10,000 kati ya lango na upande hasi wa umeme, ili lango libaki limefungwa pini ya Arduino isipotoa amri. Rezista hiyo naithamini sana, maana bila yake taa zingeweza kumweka kila umeme unaporudi baada ya kukatika, kabla programu haijaanza. Sasa transista ina uvuguvugu tu, na mapambazuko ya dakika 40 yanawakuta samaki wametulia.