Kusoma faili la maandishi ndani ya testibenchi ya Verilog

Testibenchi ni msimbo wa kujaribu saketi iliyoelezwa kwa Verilog, lugha ya kubuni saketi za kidijitali; data ya majaribio mara nyingi hukaa kwenye faili. Kama data ni namba tupu za heksa (za msingi wa 16) na idadi yake inajulikana, tumia `$readmemh`, inayopakia faili zima kwenye safu, uendelee na kazi nyingine. Inaruka maoni ya `//` yenyewe. Faili likiwa fupi kuliko safu, nafasi zilizobaki haziguswi: kama hukuzipa thamani, hukaa na `x` (thamani isiyojulikana).

Ugumu huanza pale kila mstari unapobeba ingizo na jibu linalotarajiwa. Wengi huandika `while (!$feof(fd))`, `fd` ikiwa namba ya faili iliyotolewa na `$fopen`, kisha jaribio la mwisho linapimwa mara mbili. Sababu: `$feof` hukubali kuwa faili limeisha baada tu ya usomaji kugonga mwisho. Alama ya mstari mpya ikibaki, kitanzi huzunguka tena, `$fscanf` (inayosoma thamani kutoka kwenye faili na kurudisha idadi ya zilizosomwa) hurudisha -1, na vigeu hubaki na thamani za zamani. Pima namba inayorudishwa na `$fscanf` yenyewe:

`while ($fscanf(fd, "%h %h", a, jibu) == 2)`

Hapa pia kuna mtego: mstari wa maoni katikati ya faili hurudisha 0, kitanzi kinakatika kimyakimya, na ripoti inasema yote yamefaulu. Faili lenye maoni lisome mstari mmoja mmoja kwa `$fgets`, kisha toa thamani kwenye mstari huo kwa `$sscanf`. Na hesabu majaribio yaliyopimwa. Ripoti isiyotaja idadi mimi siiamini.

`$fopen` ikirudisha 0, yaani faili halikufunguka, simamisha kwa `$fatal` (ya SystemVerilog). Mara nyingi kosa ni njia ya faili: simuleta huitafuta kuanzia folda inamoendeshwa, na Vivado (programu ya kubuni FPGA) huendesha ndani kabisa ya `sim_1/behav/xsim`.

Ingizo libadilishe kwenye `negedge` (ukingo wa kushuka) ya saa, lisishindane na rejista zinazosoma kwenye ukingo wa kupanda.