Kikohozi cha ngazini

Neno la shangazi limenikwama kooni tangu Jumapili kama mwiba wa samaki. Halimezeki, halitoki.

Mwakumbuka niliapa kwamba sura ya tisa ya riwaya yangu ya vijana ikikamilika sitaituma tena kwa wale walioninyamazia mwaka jana, nitamsomea mtu wa karibu kwa sauti. Nikamchagua yeye. Yule hajawahi kushika riwaya ya vijana maishani mwake, nikaona hapo pana usalama. Atasikiliza, atasema mashallah, ataniuliza nitaolewa lini, mambo yaishe.

Nilimkuta dakani kwake, baraza ya mlangoni, hapa Amu (Lamu), sinia ya mchele mapajani, anachambua. Nikasoma. Wale mnaowafuata Rukia na Shee, vijana wangu wa riwayani, mwajua mambo yalipofika: mswada wa utenzi wa nyanyake Rukia, ule wa herufi za Kiarabu, umetoweka kwenye kidaka cha ukutani, na mji mzima wamnyooshea kidole baba yake Shee kwa kuwa ndiye aliyekuja kupima milango. Katika sura ya tisa Shee atoka mtaa wa Langoni usiku wa manane, mswada kaufunga kiunoni ndani ya kikoi. Apita Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, apinda kuingia mtaa wa Mkomani, apenya chini ya wikio, chumba kinachovuka juu ya njia, auweka dakani kwa kina Rukia na kurudi zake. Hakuna aliyemuona. Asubuhi Rukia aufungua mlango aukuta mswada, na kuanzia hapo hajui ampende yule kijana au amtilie shaka. Niliiandika sura hiyo maktabani ngomeni, jengo lililokuwa gereza hadi 1984. Huwa najisifu kwamba hapana mahali bora pa kutungia kisa cha wizi.

Shangazi akaacha kuchambua.

"Huyo kijana katoka Langoni mpaka Mkomani."

"Ndiyo, Shangazi."

"Usiku."

"Usiku wa manane."

"Na hakuna aliyemuona."

"Ndilo fumbo lenyewe hilo."

"Mji gani huo?"

"Amu."

"Amu hii?"

Akacheka mpaka sinia ikatikisika. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya leso akasema, "Mwanangu, mui huu una mato." Yaani mji huu una macho. Akarudi kwenye mchele wake.

Basi. Hakusema kingine juu ya kitabu, na mimi nina kurasa mia mbili na kitu. Hakusema lolote kuhusu Rukia anavyoongea na Shee kwa majina ya leso, akivaa hii akimaanisha njoo na ile akimaanisha nimekasirika. Hakugusa ujanja wangu wa maji, ambao ndio nilioupigia hesabu kuliko yote: mwizi wa kweli adai kwamba asubuhi ile, saa nne, siku ya pili ya mwezi mchanga, alikuwa akiingia Takwa, yale magofu ya kisiwa cha Manda, kwa mashua. Mvuvi yeyote akisikia hivyo atatabasamu. Siku kama hizo za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hujaa alfajiri, ikifika saa nne yamekupwa, na ile njia ya mikokoni ya kuingilia Takwa ni matope matupu. Mashua itapita wapi? Nilitegemea shangazi, binti wa nahodha, aruke kitini. Hakuruka. Alikuwa bado kwenye viatu vya Shee.

"Alivaa nini miguuni?" aliniuliza nilipokuwa nainuka kuondoka.

"Sijaandika, Shangazi."

"Kama ni ndara, zapiga kisigino. Kama ni makubadhi, yalia. Akitembea miguu mitupu, basi mbwa hatuna lakini punda tunao."

Na kweli, huu ni mji usio na kelele za magari. Mtu akipita chini ya dirisha usiku, aliye kitandani hahitaji kuinuka kumjua. Nilikuwa nikilijua hilo tangu nizaliwe. Lilinikera zaidi kwa sababu hiyo.

Juma lenyewe limekuwa kubwa: kaka kaoa, baba karudi kutoka Mombasa na jicho lililofanyiwa upasuaji, nami nimeongezewa mkataba pale kwenye nyumba ya wageni. Alhamdulillahi kwa yote. Lakini ukumbini, katikati ya vigelegele, udi ukipitishwa, nilikuwa nikijibizana na shangazi kichwani. Ningemwambia hadithi ina ruhusa yake. Ningemwambia wasomaji wa Nairobi hawajali ndara. Ningemwambia angalau nimeacha wazo langu la kwanza, la kuibwa siwa, lile baragumu la kifalme, pale makumbusho, maana ile ya pembe ya ndovu kutoka Pate ina urefu wa zaidi ya mita mbili na hakuna buibui la kuificha. Kila jibu nililolipata lilikuwa zuri, na kila moja alilishinda kwa lile swali lake. Amu hii?

Kuna kitu sijawaandikia. Nilipofika mlangoni siku ile alisema jingine, taratibu, bila kunitazama.

"Hata wewe na yule wa Kizingitini, tulijua."

Nilisimama. Wasomaji wa zamani mwamjua yule kijana wa Kizingitini, kule kisiwani Pate. Wapya, itosheni kwamba alikuwa amepanga chumba nyumba ya pili alipokuwa akisoma chuo, kwamba dari yao na yetu, zile paa bapa za kuanikia nguo, zapakana, na kwamba ukuta katikati wafika kifuani. Tulikuwa tukiongea tu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na niliamini ile ndiyo siri kubwa kuliko zote zilizowahi kutunzwa katika mji huu.

"Mlijua vipi?"

"Babako alikuwa akipanda kutazama tangi la maji, sivyo?"

"Alikuwa akipanda."

"Na kabla hajafika juu?"

Alikuwa akikohoa. Baba alikuwa na kikohozi kikavu cha usiku kilichoanza kwenye ngazi za chini na kuishia mlango wa dari, na mimi kila nilipokisikia nilikuwa na muda wa kutosha wa kuvuka upande wa pili na kuanza kuanua nguo. Nilisikitikia kifua chake. Nilimchemshia tangawizi na asali miezi mizima. Alikunywa! Alikuwa akinishukuru.

"Yule hakuwa na ugonjwa wowote," shangazi akasema. "Alikuwa akikupa nafasi."

Siku mbili za kwanza niliona aibu tu, ile ya kuwaka masikio ukiwa peke yako. Nikawa napita mtaani nikiwahesabia watu: huyu alijua, yule alijua, muuza mahamri alijua. Halafu harusini nikamuona baba ameketi na wazee, kitambaa kimefunika jicho, akishikwa mkono kila anapotaka kuinuka, na ile aibu ikanitoka sijui ilikwenda wapi. Usiku ule nilimpelekea dawa zake za matone. Nilitaka kumuuliza. Nikamuuliza kama atakunywa chai.

"Ya tangawizi?" akasema.

"Ukitaka."

"Hapana. Ya maziwa." Na akageuza uso ukutani, mabega yakimtikisika.

Kwa hiyo sura ya tisa naiandika upya, na safari hii sina kinyongo. Shee atapita palepale, na ndara zake zitapiga kisigino Usita wa Mui mzima. Atasikika. Bibi wa nyumba ya kona atamsikia, na muadhini aliyeamka mapema, na mwenye punda. Rukia atakapoanza kuuliza hatakosa mashahidi. Atakuwa nao wengi mno, wote wamejaa adabu, kila mmoja akimwambia alikuwa amelala. Itambidi ajue nani anamnyamazia kwa kumpenda na nani ananyamaza kwa kuogopa, maana mwizi naye amejificha humohumo ndani ya adabu ya wengine. Nadhani ni kitabu kigumu zaidi kuliko kile nilichokuwa nacho. Ujanja wa maji nitaubakisha, shangazi apende asipende.

Ila sijui nitaandika wapi. Tangu juzi kila nikiamka nakuta unga wa mbao juu ya shuka, na leo nimegonga boriti iliyo juu ya kitanda kwa mpini wa fagio ikatoa sauti ya kitu kitupu. Mwashi amepanda, ametazama, amesema ni tatu si moja, na kwamba mkandaa, mkoko wa kutengenezea boriti, siku hizi wakatwa kwa kibali, kwa hivyo bei si ile ya zamani. Pesa za mkataba mpya zaingia mwisho wa mwezi. Mama ataka tusubiri mpaka wageni wa harusi waondoke, na wageni wawili wamelazwa chumbani humu kwangu.