Jinsi nilivyofufua kikundi chetu cha kusoma Zama za Kati

Kikundi chetu chuoni hapa Moshi kilikuwa kinakufa: watu walipewa sura nzima wakasome nyumbani, wakaja hawajaisoma, wakazungumza walewale wawili watatu. Nikaacha kugawa sura. Sasa tunasoma ukurasa mmoja palepale, kwa sauti, kwa zamu. Kila mtu anatoa swali lake kabla ya yeyote kujibu.

Tulianza na masimulizi ya safari ya Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331. Anamsifu Sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, aliyempa fukara wa Yemen nguo alizozivaa. Lakini anataja pia mashambulizi ya sultani huyo bara, na ngawira. Binti wa uhasibu, aliyekuwa kimya siku zote, akauliza: ukarimu huo uligharamiwa na nani? Ubishi ukawaka mpaka mlinzi akaja kufunga ukumbi.