Filta yangu ilivyonikosesha kazi

Mwaka jana nilichoka jamani. Kila nikifungua inboksi asubuhi ni hongera umeshinda, hongera akaunti yako imechaguliwa, hongera sijui nini, na mimi hata bahati nasibu sijawahi kucheza. Nikaanza kubloki anwani moja moja, kazi bure, maana hawa matapeli wanabadilisha anwani kila siku na nyingine wanazighushi tu, leo unambloki huyu kesho anarudi na jina jingine. Basi nikajiona mjanja, nikatengeneza filta yangu mwenyewe: imeili yoyote yenye neno "hongera" iende kwenye taka moja kwa moja, inboksi isiguse. Wiki mbili nilikaa kwa raha zangu, kimya, inboksi safi.

Mshajua inakoelekea, eti? Kipindi hichohicho nilikuwa nimefanya usaili sehemu na nasubiri majibu. Kimya. Nikajisemea wameshampa mtu wao. Siku hiyo natafuta risiti niliyoifuta kimakosa, naingia kwenye taka, nakutana nayo: Hongera, umefaulu, tafadhali thibitisha kabla ya Ijumaa. Ijumaa yenyewe ilishapita siku sita. Na hapo nilibahatika kuiona, kwa sababu kwenye Gmail kitu kikikaa kwenye taka siku 30 kinafutwa jumla. Nikawaandikia kuomba radhi, wakanijibu vizuri tu kwamba nafasi imeshajazwa. Nilinuna siku mbili, na wa kumnunia ni mimi mwenyewe.

Spamu ikipenya napoteza sekunde mbili kuifuta, ila imeili ya maana ikizuiwa hata hujui kama kuna kitu kimekupita, unabaki kulaumu watu bure. Kwa hiyo sasa hivi filta zangu hazifuti kitu, zinabandika lebo na kuweka pembeni, halafu mara moja kwa wiki napitisha macho, kama dakika tano hivi (na folda ya spamu pia naichungulia). Anwani za watu ninaowajua nimezitenga kwenye filta yenyewe, haiwagusi. Nikijisajili kwenye tovuti naongeza alama ya kujumlisha na neno la tovuti hiyo kwenye anwani yangu, kabla ya ile @, taka zikianza kuja najua nani kaigawa, ingawa tovuti nyingine zinaikataa hiyo alama, zinaudhi kweli. Matangazo niliyojiandikisha mwenyewe najitoa kwa linki yao, ila ya matapeli sigusi linki yoyote, ukibonyeza unawaambia tu kwamba anwani iko hai.

Inboksi haijawa safi kama zile wiki mbili, sidanganyi. Leo asubuhi kuna mjane kaniachia mamilioni ya urithi, nimemfuta kwa mkono.