Mita 24 za wavu

Jumanne, usiku

Tangu saa mbili niko mezani naandaa swali moja tu la darasa la sita. Wiki iliyopita waligundua wenyewe kwamba ukiwa na mita 24 za wavu, ukazungushia banda la kuku pande zote nne, eneo kubwa kabisa ni la mraba. Walianzia 11 kwa 1, wakaja 10 kwa 2, wakapanda hadi 6 kwa 6, mita za mraba 36, halafu wakaona eneo linashuka tena. Walishangilia. Ila sasa wanaamini mraba ndio jibu la kila banda.

Kwa hiyo kesho banda linaegemea ukuta wa nyumba, wavu ni wa pande tatu tu. Kanuni mpya hakuna, ni eneo lilelile la mstatili.

Kilichonichelewesha ni namba. Niliandika mita 20, nikafuta. 20 haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo mraba wangeukwepa kwa kuogopa desimali, bila kuona chochote. Nikarudi kwenye 24. Hapo mraba upo: 8 kwa 8, eneo 64. Jibu safi, na nataka walikimbilie. Hatua moja tu kando yake kuna 7 kwa 10, yaani pembeni saba saba na mbele 10: eneo 70.

Jumatano, jioni

Wengi walipata 64 wakaweka kalamu chini. Binti mmoja wa dawati la nyuma alipigia mstari jibu lake mara mbili. Jirani yake akamwonyesha 70. Alikataa. Akachora mistatili yote miwili kwenye daftari, akahesabu miraba midogo ya ndani mmoja mmoja kwa ncha ya penseli, midomo ikicheza. Alipomaliza hakusema kitu, akajaribu 6 kwa 12: 72. Kisha 5 kwa 14: 70 tena. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona upande wa mbele umekula nusu nzima ya wavu?"

Kweli. 12 mbele, na pembeni sita sita, nusu nyingine. Nikachora ubaoni banda la wiki iliyopita: 12 kwa pande mbili hizi, 12 kwa zile. Nusu kwa nusu. Miaka yote ninayofundisha mada hii sikuwahi kuliona hilo, na nilimwambia hivyo mbele ya darasa zima.

Kesho nawapa kona: kuta mbili, wavu pande mbili, mita zilezile 24. Ataanza yeye.