Raba za gundi kwenye milima ya Uluguru

Tulipovunja kikoba mwaka huu, mweka hazina alituambia mfuko wa jamii umebaki na hela isiyo na mwenyewe. Hakuna aliyefiwa, hakuna aliyejifungua, na faini za uchelewaji zimejaa. (Nyingi ya faini hizo ni zangu. Fundi cherehani hana Jumapili.) Wenzangu walitaka nyama choma kama kila mwaka. Nikasema jamani, mimi nimezaliwa Dar, nimeolewa Dar, na mlima mrefu kuliko yote niliyowahi kupanda ni daraja la juu la Ubungo, tena nikiwa nimekaa ndani ya daladala. Twendeni Morogoro, tukapande Uluguru, jioni tuwe nyumbani.

Milima haikumshawishi mtu. Walioshawishika, walishawishiwa na treni. Tangu ianze kubeba abiria Juni 2024, mtaani kwetu kila mtu ameshapanda SGR isipokuwa sisi saba.

Sasa cheki mambo. Naishi Kimara, barabara ya Morogoro yenyewe, mabasi ya Moro yananipitia mlangoni. Lakini kwa sababu ya treni niliamka saa tisa usiku, nikaenda mjini kwa bajaji, yaani kinyumenyume, ili treni inirudishe upande ule ule nilikotoka. Nauli ya daraja la kawaida ni Sh 13,000. Unaingia na kitambulisho, begi linapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege, na lango likishafungwa limefungwa. Katibu wetu alifika anakimbia, viatu mkononi, dakika zinahesabika. Kwa mara ya kwanza faini haikuwa yangu.

Pugu tulikuwa bado tunapiga picha. Soga tukatulia. Tulipofika Ruvu nikasimama dirishani, maana huo ni mto wangu. Mtu wa Kimara anaujua Ruvu kama mpangaji anavyomjua mwenye nyumba: hajawahi kukaa naye, lakini kila shida inaanzia kwake. Maji yetu yanasukumwa kutoka mtambo wa Ruvu Juu, pale Mlandizi. Mwishoni mwa 2021 mto ulishuka mpaka jiji likaingia kwenye mgawo, nami nikawa nanunua madumu kwa mwenye mkokoteni kwa bei ambayo hadi leo sijamtajia mume wangu. Basi nikauona. Mwembamba, rangi ya chai ya maziwa, umejikunyata chini kabisa kati ya kingo zake. Ilikuwa Septemba, mvua za vuli bado. Treni haikunipa hata nusu dakika ya kuutazama.

Baada ya Ngerengere milima ikajitokeza mkono wa kushoto, bluu, vichwa vimefunikwa mawingu. Mama mmoja kiti cha nyuma akasema, "Mji kasoro bahari huo," na behewa zima likacheka kana kwamba ni msemo mpya.

Mwongozaji wetu tulimpata kupitia shemeji wa mmoja wetu anayesoma SUA. Alitusubiri nje ya stesheni, Kihonda, na bajaji mbili. Kijana wa miaka ishirini na kitu, hana nyama mwilini, miguuni kavaa yeboyebo. Nilimwonea huruma. Mimi nilikuwa na raba mpya kutoka Kariakoo, nyeupe, zina mstari wa waridi. Akaziangalia kwa muda.

"Mama, hizo umeshazitembelea?"

"Hizi ni za mazoezi, mwanangu."

Akanyamaza. Sasa ndiyo najua alinyamaza kwa adabu.

Ada ya kuingia msituni tulilipa kwa kontroli namba, shughuli iliyokula nusu saa kwa sababu kila mmoja alitaka ampigie mtandao wake. Kisha tukaianza Barabara ya Boma kwenda juu, lami ikaisha, nyumba zikapungua, tukaingia njia ya miguu kuelekea Morningside. Morogoro mjini ipo kama mita 500 juu ya bahari, Morningside inapita 1,300. Nilipoambiwa hivyo chini niliona ni tarakimu tu. Dakika ya arobaini mapafu yalianza kunifafanulia.

Lazima niwaambie kuhusu yale mashamba. Nimeshona miaka kumi na saba, macho yangu hayajui kuangalia kitu bila kutafuta mshono. Ule mteremko ni sketi ya marinda. Kuna vipande vimekatwa ngazi ngazi, kila ngazi na karoti zake, kabichi zake, njegere zake, pindo limenyooka utadhani limepigwa pasi. Halafu pembeni yake kuna kipande kimelimwa wima tu, kutoka juu mpaka chini, udongo mwekundu uko wazi. Marinda yamefumuka. Nikamuuliza kijana mbona hawa wamepanga na hawa hawakupanga.

Akaniambia ngazi zina historia mbaya huku. Mkoloni Mwingereza aliwalazimisha babu zao kuchimba matuta ya ngazi milima yote, kwa amri, na asiyechimba anaadhibiwa. Kazi ni ngumu, udongo wa rutuba unafukiwa, usiofaa unatoka juu, mazao yanakuwa mabaya kuliko awali. Mwaka 1955 Waluguru wakagoma, kule Matombo ikawa vurugu na damu ikamwagika, na mpango ukafa. "Kwa hiyo mzee mwingine ukimtajia ngazi," akasema, "anakuona kama umetumwa."

Halafu akaongeza jambo ambalo mimi sikuwa nalijua kabisa. Miaka ya karibu na 2010, upande wa Kibungo Juu, kulikuwa na mradi wa kuwalipa wakulima ili wachimbe ngazi hizo hizo na wapande miti, na sehemu ya fedha ilitoka kwa watumiaji wakubwa wa maji ya Dar. Sababu ni kwamba udongo ukishuka, unaishia Ruvu, na mtambo unapata kazi ya kuchuja tope. Nikakumbuka ile chai ya maziwa niliyoiona asubuhi. Kumbe ni shamba la mtu lile.

Njiani tulipishana na wanawake wanashuka sokoni. Tenga kichwani, mikono inaning'inia, shingo haitikisiki, wanaongea. Bibi mmoja alikuwa na tenga la ndizi ambalo mimi ningelibeba kwa bajaji.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mnafuata nini huku juu?"

"Tunatembea tu, bibi."

"Mnatembea tu." Akasimama, akatukagua mmoja mmoja, na tenga lake. "Hamna mgonjwa? Hamna msiba?"

"Hapana bibi."

Akacheka mpaka tukamsikia kwenye kona ya pili.

Si muda mrefu baada ya hapo raba ya kulia ikafungua mdomo. Soli ilibanduka kuanzia vidoleni mpaka kisiginoni, ikawa kila nikikanyaga inapiga kofi. Nikakaa juu ya jiwe, nikaigeuza. Aibu iliyonipata ni ya kazini. Hakukuwa na uzi hata mmoja. Ule mstari wa nukta unaozunguka soli, niliouona kuwa ni mshono mzuri, ulichongwa na mashine kwenye plastiki kuiga mshono. Mimi, ambaye mteja akiniletea nguo ya dukani naigeuza ndani nje kabla hata sijamsalimia, nimeuziwa gundi.

Kijana hakusema neno. Akaingia kwenye migomba, akarudi na gome kavu, lile la nje linalojibandua lenyewe. Akalilowesha kwenye mfereji mpaka likalainika, akalichana nyuzi nne pana kama kidole, akakunja suruali na kuzisokota juu ya paja mbili mbili, viganja vinakwenda mbele tu, havirudi. Akaizungusha kamba juu ya kiatu mara tatu, mara moja nyuma ya kisigino, akafunga fundo upande wa nje. Nikamwomba alifungue alifunge tena polepole. Nimejaribu nyumbani kwa kamba ya katani, halitoki. Kuna mkunjo anaupitisha chini ya kidole gumba ambao sikuuona.

Wakati anafunga nikamuuliza kama shamba lile la migomba ni la baba yake, kwa sababu aliingia bila kubisha hodi.

"La mama. Huku ardhi inafuata ukoo wa mama. Baba alikuja kuoa."

"Kwa hiyo wewe utarithi kwa mama?"

"Mjomba ndiye ananigawia. Na mimi nikizaa, watoto wangu si wa ukoo wangu, ni wa mama yao. Watoto wa dada ndio wangu."

Wenzangu wakashangilia kwamba hatimaye tumefika kwenye nchi ya haki. Mimi nikawaza mashamba ya baba yangu kule Kisarawe na kesi yake isiyoisha, nikanyamaza. Mweka hazina alikuwa ameshaishiwa magoti, akatangaza kwamba haendi popote. Tukamwacha kwenye nyumba ya shangazi wa kijana, wakimenya maharage. Tuliporudi kumchukua alikuwa anajua majina ya wajukuu wote, na amefungiwa kilo mbili. Nadhani yeye ndiye aliyefaidi safari kuliko sisi.

Morningside kuna nyumba ya mawe ya Wajerumani, ya 1911, imechoka lakini inasimama. Wale watu walijua kuchagua baraza. Chini unaona Moro yote, bati moja moja linamemetuka, na mbele ya mji tambarare inakwenda mpaka inageuka ukungu. Baridi ilitukuta na vitenge vyepesi vya Dar, tukajibana wanne kwenye khanga moja. Watoto wakatuletea stroberi kwenye visahani vya plastiki, ndogo, chachu, si kama zile za supamaketi zinazofanana na maji. Tulikula magimbi ya kuchemsha na chai. Juu yetu msitu mnene ulianza, ule wa hifadhi iliyotangazwa 2008, na mbali zaidi minara ya Bondwa ilikuwa ikiingia na kutoka mawinguni. Wenye miguu yao huendelea mpaka huko. Kijana akasema ndani mna mbega, na mna ndege asiyepatikana mahali pengine popote duniani ila Uluguru. Sikumwona ndege. Nilimwona kinyonga mmoja, akanitosha.

Kushuka hakuna hadithi, ni magoti tu. Ila kwenye kijito kimoja tulipumzika, nikavua kiatu kizima nikakiacha kilichofungwa, nikatia mguu. Maji yalikuwa baridi kiasi cha kuuma mfupa, na meupe. Changarawe chini nilizihesabu. Nikamuuliza kijana haya yanakwenda wapi.

"Yanaingia Mto Morogoro, unapita mjini, unaingia Ngerengere. Ngerengere inaingia Ruvu."

"Ruvu ya Mlandizi?"

"Hiyo hiyo, mama. Yanawafuata."

Nilikuwa na chupa tupu ya lita moja na nusu. Nikaijaza. Wenzangu wakaniuliza napeleka wapi, nikasema nyumbani, wakaniona nimepata kichaa cha mlimani.

Tukapitia Soko la Chifu Kingalu. Nikanunua tunda damu na karoti za chini ya nusu ya bei ya kwetu, nyingine bado na udongo wake mwekundu. Kijana tulimlipa, tukamwongezea. Nikamwambia akija Dar nitamshonea shati. Akasema atakuja mjomba akimruhusu, sikujua kama anatania.

Stesheni ya Moro inang'aa. Sakafu unajiona uso. Nikaipita na raba moja nzima na moja imefungwa migomba, kamba imeanza kukauka na kudondosha makapi nyuma yangu, binti wa usafi ananifuata kwa macho. Begi likapita kwenye mashine. Askari akalifungua, akatoa karoti, akatoa chupa, akaiinua kwenye taa. Kulikuwa na kijani kidogo kinaelea, jani la mgomba nadhani.

"Mama, haya ni maji gani?"

"Ya mlimani."

"Unayapeleka wapi?"

"Kimara."

Akaitazama chupa, akanitazama kiatu, akanirudishia.

"Si ungeyaacha tu yaje yenyewe?"

"Yakifika huwa yamekatika."